Chef ya Kamba na saa ya Kasumbalesa

Ku parking, pale siye ba chauffeur tunangojeaka bantu, masolo ya kupitisha wakati ikipungua kuko wa kuniambia: «Leta ya Chef ya Kamba.» Na miye naleta. Najua kutembea sawa yeye, kichwa imelala ku bega sawa muntu anasikiliza masolo ya nyumba ya jirani. Najua ile sauti yake ya chini, ya muntu anaomba ruhusa hata ya kukoholoa. Bantu banacheka mpaka mukwetu moja alishaka kuacha client yake asimame mu jua na mifuko yake yote. Lakini mu masolo ya Chef kuko mahali moja narukaka. Nikikaribia pale, nakumbuka kama radiateur yangu haina mayi, nafungula capot, inaisha. Leo radiateur iko na mayi. Leo nitapita pale.

Kwabo ni wapi, baba yake ni nani, alizaliwa lini, iyo usiniulize. Nakuambia tu paka habari ya ule muntu nilibebaka mu motokari ya kazi, mu barabara ya Kasumbalesa, miaka na miaka, mpaka ile kiti ya pembeni yangu ilibakia na alama ya mugongo yake sawa kitanda ya mugonjwa.

Tulikuwaka bantu ya kampuni moja ya transit, ile inatengenezaka makaratasi ya ba camion juu bipite mupaka. Bureau mukubwa ilikuwa Lubumbashi, bureau kidogo Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia. Kila bureau na serveur yake, ni kusema mashini moja inakaa paka yenyewe mu chumba ya baridi, inakula courant kupita famille nzima, na hakuna mwenye anaisalimia. Ile ya Kasumbalesa inatuma makaratasi ya camion, ile ya Lubumbashi inajibu kama iko sawa. Bikisikilizana, camion inapita. Bikikosana, camion inalala, na ukishaka kuona mustari ya ba camion ku Kasumbalesa siku ile bimekosana, utasema bamepanga barabara nzima juu baende kutembelea mwezi. Miye niliona camion moja ilingojea mpaka ndege akajenga kiota mu mupira ya roue yake, akazaa, na bana bakaenda masomo.

Sasa kazi ya Chef ilikuwa ile: kupatanisha ba serveur. Bale ba bureau balimuita Ingénieur. Siye ba chauffeur tuliona yeye na kamba ya ba mashini mu mukono asubui na mangaribi, tukamuita Chef ya Kamba, na yeye akaitika, juu alikuwa anaitika kila kintu.

Alikuwa muntu mwembamba, patalo imeshikwa na mukaba ya matundu ya kuongeza na musumari. Mufuko yake ya byombo ya kazi ilikuwa nzito kupita yeye, ndani mule ungepata kamba, pince, taa, chumvi, biblia, ndala ya kubadilisha bilatu, na kipande ya bukari ya bunga mu plastique juu hakupendaka kula kwa bantu. Akila kwa bantu, anaomba pardon kwa samaki.

Aliomba pardon sawa bantu bengine banapumua. Ukimukanyaga, ni yeye anasema pardon. Mvula ikinyesha tukiwa mu barabara, ananiangalia na haya, anasema: «Excusez, chauffeur,» sawa ni yeye alisahau kufunga robinet kule juu. Siku moja radi ilianguka ku pylône ya antenne, ikachoma kila kintu mpaka simu ya sentinelle, na pale Directeur alitoka mu bureau na hasira, Chef alikuwa amekwisha kusimama mbele ya mulango: «Directeur, ni kwetu. Mutusamehe.»

Ile «ni kwetu», ni kusema kosa iko upande yetu, ilikuwa maneno yake ya kazi. Connexion ikikatika, mbele ya kuangalia kintu, mbele ya kushika kamba hata moja, anabeba simu, anaita Kasumbalesa. Ku Kasumbalesa alikuwa mama moja mwenye alikaa ku guichet, ile dirisha ya kupokelea makaratasi, na mwenye alichunga ufunguo ya chumba ya mashini. Mama ya Guichet, njo vile tulimuita. Chef anamuambia: «Mama, connexion imekufa. Lazima ni kwetu. Mutusamehe. Kwenu kule munaona nini?»

Siku nilimuzoea, nilimuambia: «Chef, weye unaombaka pardon na hujue kama ni weye. Utakuya kufungwa juu ya mwizi mwenye humujue.»

Akacheka kidogo, na pua tu. Akasema: «Chauffeur, nikimuita muntu na kumuambia *mulifanya nini kule*, anafanya nini?»

«Anasema hakufanya.»

«Kisha?»

«Kisha anaenda mbio kurudisha bintu mahali yake.»

«Eee. Na miye sitajua tena panne, ile kintu iliharibika, ilikuwa wapi. Lakini nikianza na kuomba pardon, roho yake inakaa. Anasema, hapana Chef, pengine ni kwetu pia, juu jana kulikuwa mbuzi.»

Na mbuzi ilikuwako kweli. Sentinelle ya kule alikuwa anafungia mbuzi yake ku muti ya antenne, mbuzi inavuta, antenne inageuka pole pole, mpaka ikaacha kuangalia Lubumbashi, ikaanza kusalimia Zambia. Directeur angeuliza ile habari na hasira yake, tungetafuta mpaka leo. Chef aliomba pardon, na sentinelle mwenyewe akaleta mbuzi ku simu.

Ile namna aliifundisha bote. Mama ya Guichet aliibeba sawa katekisimu. Bakiitana, ilikuwa mashindano: huyu anasema ni kwetu, ule anasema hapana Chef, ni kwetu, mpaka miye ku volant nauliza kama banapanga ndoa.

Miye masomo iliniacha mapema, ao ni miye niliiacha, bado tunabishana. Lakini mu ile barabara Chef alinieleza kazi yake mpaka ningeweza kuifanya na macho imefungwa, kama kungekuwa mwenye anaweza kunipatia mashini. Alisema unaanzaka ku miguu yako. Courant iko? Kamba imeingia muzuri? Ile taa kidogo ya rangi ya majani inawaka na kuzima? Kisha unaita ule wa ngambo. Unamuita paka jina, sawa unapita ku kiwanja ya muntu unasema hodi. Akiitika, barabara iko muzima, shida iko mu nyumba. Asipoitika, sasa sikiliza: ananyamaza, ao anakatala?

«Si kintu kimoja,» aliniambia. «Mashini ikinyamaza, pengine imekufa, pengine barabara imekatika, pengine hodi yako haikufika. Unaweza kuisikilia huruma. Lakini ikikatala, ujue iko pale, iko muzima, imekusikia muzuri sana. Haikutake. Pale njo unajiuliza weye ulikuya namna gani.»

Miye nilichukua ile maneno, nikaipeleka ku kartie, kule ninakaa. Mwanaume akikuya kulia kwangu kama bibi yake hamusemeshe, namuuliza: ananyamaza, ao anakatala? Nilipatanisha ndoa mingi kupita pasteur. Ingine niliharibu, lakini iyo ilikuwa ni kwabo.

Na kuko kintu ingine alikuwa nayo: hakukubali kama kazi imeisha juu yeye ameona imeisha. Connexion ikirudia, bantu banapiga makofi, Directeur anarudia mu bureau yake, Chef anabakia na simu ku sikio. «Mama, tuma karatasi moja. Imefika? Sasa miye natuma. Imefika kwenu? Tuma tena.» Alikuwa anasema kazi haiishe pale kwetu inatoka, inaisha pale ule wa ngambo anasema imefika. Hata akitumia bakwe yake mboga ya lengalenga, atapiga simu: imefika? Miye nilishakumusalimia asubui ku mulango, tukashikana mikono, na nikamuuliza: «Chef, imefika?» Akaitika bila kucheka: «Imefika.»

Muntu ya namna ile ungesema hana majivuno hata ya kujaza kifuniko. Alikuwa nayo. Moja tu, lakini ya kujaza ngunia.

Kampuni ilimutumaka Kinshasa kwa masomo kidogo. Alirudia na montre. Montre muzuri, ya kungaa, na ilikuwa ku saa ya Kinshasa. Unajua vile iko: Kinshasa iko nyuma yetu na saa moja. Siye tukikula, bo bangali banatafuta moto. Muntu yote akishuka ndege ku Lubumbashi anasogeza montre yake, inaisha. Chef hakusogeza. Juma ikapita, mwezi ikapita. Mbele ya Directeur alikuwa anaficha chini ya mukono ya shimizi, juu alisikia haya. Lakini mu motokari, paka siye babili, anavuta mukono ya shimizi pole, anaangalia, anasema sawa muntu anajisemea: «Kinshasa sasa beko banaingia ku kazi.» Miye namujibu: «Chef, ubasalimie.» Anafurahi siku muzima.

Ku Kasumbalesa pia alionyesha Mama ya Guichet. Ule mama alikuwa anamuchokoza: «Chef, siye tuko bantu ya saa ya hapa, weye uko mu saa ya bakubwa.» Na yeye anacheka na ile pua yake. Bantu bengine ya kazi habakujua. Paka ule mama na miye.

Njo tunafika ku mahali narukaka.

Ilikuwa siku ya posho, ni kusema samedi, wakati ya mvula. Courant ilikuwa inaenda na kurudia Kasumbalesa sawa mulevi ku mulango ya nyumba yake, na serveur ya kule ilizima mara moja mubaya. Pile yake kidogo ya ndani, ile inachungaka saa, ilikuwa imekufa. Mashini ikiamuka inafikiri iko mu mwaka ya zamani, mwaka ile miye nilikuwa ningali na nywele. Tukapanda motokari, Chef na miye. Kule akafungula mashini, akaweka pile mupya. Mama ya Guichet alisimama pembeni yake na taa. Miye nilikuwa ku mulango, natafuna mukate. Mu chumba mulikuwa joto ya kupika mayai, baridi ya mashini ilikuwa imezimika na courant. Chef akafuta jasho, akavuta mukono ya shimizi, akaangalia montre, akaandika saa mu mashini.

Kila siku alikuwa anaongeza moja mu kichwa. Ile siku hakuongeza.

Akaita Lubumbashi; mashini ya Lubumbashi ikaitika hodi. Kutuma karatasi haikuwezekana, siku ya posho mangaribi bureau ilikuwa imefungwa, hakukuwa muntu ya kusema imefika. Chef alibakia na simu ku mukono, sawa muntu anatafuta kintu alisahau. Kisha akasema: «Twende, chauffeur.»

Siku ya kwanza ya juma, asubui, hakuna karatasi hata moja ilipita. Ba camion bakajipanga. Ba client bakaita Directeur mpaka simu yake ikakuwa moto ya kupikia. Chef akaanza kazi sawa siku zote: courant iko, kamba iko, hodi inaitikwa. «Haikunyamaza,» aliniambia mu couloir, na uso ilikuwa imeanza kubadilika. «Iko inakatala.»

Tulikuwa mu bureau ya Directeur. Miye nilikuwa pale na ufunguo ya motokari, nangojea baniambie twende. Simu ilikuwa katikati ya meza, haut-parleur imefunguliwa, na Mama ya Guichet ku ngambo. Chef akamuambia asome saa ile mashini yake inaonyesha. Mama akasoma. Chef akaangalia saa ya mashini yetu.

Bilikuwa bimeachana na saa moja. Njo ba serveur biko vile: mashini ingine ikikuya na karatasi ya saa ile haina yako, unafikiri ni mudanganyi, unafunga mulango. Saa moja barabara, haina dakika ya kupunguza. Directeur hakuelewa juu ya nini moja barabara. Miye nilielewa. Masomo iliniacha, lakini saa najua kusoma.

Chef alishusha mukono ya shimizi mpaka ku vidole.

Directeur akauliza: «Nani alishika ile saa?»

Simu ikafanya ile sauti yake ya mupepe. Kisha tukasikia Mama ya Guichet, na sauti ya utaratibu, sawa siku zote: «Directeur, ni kwetu. Mutusamehe.»

Directeur akapiga meza kidogo na mukono. «Bien. Amekubali mwenyewe. Ufunguo ya chumba iko na nani? Iko na yeye.» Akageukia Chef: «Ingénieur, uko na kintu ya kusema?»

Miye nilimuangalia. Ule muntu alishaka kuomba pardon juu ya mvula. Juu ya radi. Juu ya mbuzi ya muntu mwengine. Nilingojea ile maneno yake sawa unangojea amen ku mwisho ya sala, juu haiwezi kukosa kukuya. Akafungula kinywa. Akasema: «Nitaenda kuirekebisha.»

Paka ile.

Mama ya Guichet balimutosha ku kazi mbele ya juma kuisha. Chef alirekebisha saa, karatasi ikapita, akauliza imefika, bakamuambia imefika. Ku kurudia, mbele ya kuingia Lubumbashi, aliniomba nisimamishe motokari. Akasogeza montre, saa moja mbele. Kisha akaitosha, akaiweka mu mufuko ya byombo, chini kabisa, kule kulikuwa ndala. Miye niliwasha radio.

Toka ile siku sikumusikia tena kusema ni kwetu. Connexion ikikufa, alikuwa anaita Kasumbalesa na kuuliza sawa bantu bote: munaona nini kule? Na ule mwenye balimuweka mahali ya mama alikuwa anajibu sawa bantu bote: hatukushika kintu. Ba panne ikakuwa mirefu. Kisha Chef akaomba kuacha kazi, akaenda Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, akapata kipande ya bulongo ya kulima. Bantu balisema amechoka. Miye pia nilipata taxi ya kuendesha, na kampuni ile ilihamisha mambo yake yote, Directeur akarudia kwabo, na mu ile bureau leo banauza manjanja ya kufunika nyumba.

Miaka ilipita. Mara moja moja nilisikia habari yake: kama analima lengalenga na tomate, kama ku kanisa banamuomba atengeneze micro na anakatala. Njo siku moja mwaka ii, nikiwa napita Kasungami na client, nikaona muntu ku pembeni ya barabara ananyoosha mukono, kichwa imelala ku bega. Nilimujua mbele ya kuona uso. Amezeeka, ile mukaba imeongezwa tundu ingine. Hakuuliza habari ya bana yangu. Alisema: «Chauffeur, kesho utanipeleka Kasumbalesa?»

Kesho yake alivaa shimizi ya kanisa. Mu barabara nilijaribu kila kintu. Nilimuletea ile masolo ya mbuzi, nilimuletea ya ndege na bana yake ba kuenda masomo. Hakucheka hata na pua. Mukono yake ilikuwa haina montre. Kila wakati alikuwa ananiuliza ni saa ngapi, na nikimuambia, anaangalia inje.

Mama ya Guichet siku izi anapikia ba camionneur bukari, karibu na mahali ya kupanga mustari. Nyumba ya mbao, benchi, nyungu mukubwa. Na juu ya mulango, na rangi nyekundu, balikuwa bameandika: KWA MADAME PANNE.

Chef alisimama katikati ya barabara, anasoma. Camion moja ilimupigia honi mpaka nikamuvuta na mukono. Nikauliza camionneur moja juu ya nini banaita vile. Akacheka: «Vieux, huyu mama aliharibuka mashini ya kampuni, mustari ikafika mpaka karibu na Lubumbashi. Ni bwana yake mwenyewe alimupatia ile jina. Ni chauffeur mwenzetu.»

Mama alikuwa anapika bukari, mwiko mu mikono bibili. Alituona. Hakuacha.

«Chef,» akasema. «Ni weye.»

«Ni miye, Mama.»

Kwetu, mugeni akifika, kiti inakuya mbele ya salamu. Yeye hakuleta kiti. Tulisimama pale sawa bantu bamekuya kuomba kazi.

Chef akaanza mbali. Habari ya mvula, habari ya barabara, habari ya pile ile zinakufaka bila kuambia muntu. Mama alikuwa anageuza bukari. Kisha akamukata: «Chef, sema.»

«Ile saa,» Chef akasema. «Haikuwa kwenu. Ni miye niliiweka, na montre yangu. Sikuongeza ile moja.»

«Najua.»

«Unajua?»

«Nilikuwa nashika taa. Nilikuona unaangalia montre. Nilifikiri, Chef ataongeza. Pale uliniambia nisome saa, nilijua mara moja.»

Chef akauliza: «Juu ya nini sasa ulisema ni kwenu?»

Njo pale aliacha mwiko. «Si ni weye ulitufundisha? Ule wa kwanza anaomba pardon, juu ule wa pili apate nguvu ya kusema kweli. Miye nilifanya yangu, Chef. Nikangojea yako.»

Miye niko muntu ya kusema. Hata ku kilio nilishakupata maneno ya kuchekesha bafiwa. Pale niliangalia paka chini, nikaona badudu ya chungu bamebeba kipande ya bukari, nikabaangalia mpaka bakaingia mu tundu.

Chef akasema pardon. Aliisema mara mingi, lakini haikuwa ile ya samaki na ya mvula. Ilikuwa inatoka na shida, sawa musumari ya zamani mu mbao.

Mama akapangusa mikono. «Miye unaniambia ya nini? Miye nilijua siku zote. Ambia ule hajue.» Akatosha simu mu kitambaa ya kiuno, akaita bwana yake. Alikuwa ngambo ya Zambia, mu mustari, camion yake inasogea kurudia kwetu. «Papa, kuko muntu hapa. Musikilize.» Akapatia Chef simu.

«Allô, Papa,» Chef akasema na ile sauti yake ya chini. «Ni miye Ingénieur ya zamani. Ile saa ya mashini, ni miye...» Akasikiliza. «Allô? Husikie? Nasema ni miye...»

Réseau ya mupaka unaijua. Simu moja inashika Zambia, ingine inashika Congo, katikati banavutana sawa bibi babili na bwana moja. Chef akasogea ku mulango. «Allô. Ile saa ni miye.» Akatoka inje. «Ni miye, haina bibi yako.» Akapanda juu ya benchi, sawa ya zamani pale alikuwa anatafuta mahali antenne inasikia, na sasa alikuwa anapiga makelele, ule muntu wa kuomba ruhusa ya kukoholoa: «Mama hakuharibu mashini! Ni miye niliweka saa mubaya, na nikanyamaza! Nikanyamaza, Papa! Unasikia?»

Ba camionneur balikuwa bameacha kula. Mwenye alinielezea ile jina alikuwa na tonge ku kinywa, haiingie, haitoke. Bacambiste, bale ba kubadilisha feza ku barabara, baligeuka. Mbali kule camion moja ilizima moteur, na neno ya mwisho ilibakia inazunguka paka yenyewe.

Simu ikakatika.

Chef alishuka ku benchi. Alirudisha simu na mikono bibili. Uso yake ilikuwa inatoka jasho sawa ile siku ya posho. Mama akaingia nyuma, akarudia na kiti mbili. Akaziweka mbele yetu.

Miye nilikaa.

«Kaa, Chef,» Mama akasema. «Ameisha kusikia.»

«Pengine hakusikia muzuri,» Chef akasema. «Nitamungojea afike, aniambie yeye mwenyewe.»

Na akaenda kusimama ku pembeni ya barabara, na shimizi yake ya kanisa, mu vumbi, kichwa ku bega. Ba camion balikuwa banatoka mupaka pole pole. Kila moja ikitokea, ananyoosha shimizi, anashusha mikono, anageukia nyumba.

«Ni ii, Mama?»

«Bado, Chef.»

Ingine ikatokea, bleu, na bâche ya kufunika mizigo.

«Ni ii?»

«Bado.»